Zana Isiyomwona Mume Wangu

Ting!

Meno ya bandia ya mama mkwe yaligonga glasi gizani, chumba cha pili. Nyumbani kwetu ukisikia sauti ile, jua Bi Rusa ameamka, meno yamerudi kinywani, na neno lake la kwanza litakuwa juu yangu.

"Mkamwana!"

"Abee, mama."

"Leo ndiyo unakwenda kumchongea mtu?"

"Simchongei mtu, mama. Ni kazi tu. Mzee Tsanko anataka jina la anayetia maji."

"Jina! Umesoma shule ya jioni miaka miwili ili uje utaje majina ya watu? Hata kasuku angefanya hiyo kazi, tena halipiwi ada."

Neda wangu alikuwa amejikunja ubavuni mwangu kama paka, nywele zikinuka moshi wa jiko. Nikamvutia blanketi mpaka shingoni. Nilikuwa na tumaini kubwa asubuhi ile. Kumbukeni hilo mnaponihukumu.

Mlioanza nami mnajua nilikowaacha. Kwa aliyefungua gazeti leo, niseme haraka haraka. Mimi ni Zlatina, mke wa Kamen na mama wa Neda wa miaka mitano. Kijiji chetu kiko milimani, kusini mwa Bulgaria, na huku mtu kama hafugi ng'ombe basi anaishi kwa maziwa ya wanaofuga. Kamen anaendesha lori mojawapo kati ya malori ya tangi yanayopita vijijini kukusanya maziwa asubuhi na jioni. Mimi nilipata kibarua cha majaribio kwenye kiwanda cha jibini cha Mzee Tsanko, kwa sababu ya masomo yangu ya takwimu. Na wiki iliyopita Mzee alipiga meza akasema maziwa yanayoingia kiwandani yana maji. Nikimpata mwizi kabla ya wiki hii kwisha, ananiajiri moja kwa moja. Nikishindwa, nirudi kwenye mashamba ya viazi.

Mgongo wangu unayajua mashamba ya viazi. Sikutaka yaujue tena.

*

"Kuna kijana wa Sofia ananipigia simu kila siku," Mzee Tsanko aliniambia nilipofika ofisini. "Ana programu yenye akili bandia. Anasema inawasha taa nyekundu kwenye jina la mwizi."

"Alitutumia ya kujaribu, Mzee. Iliwasha taa nyekundu hata kwenye siku ya Pasaka."

"Pasaka nayo iliiba?"

"Siku ile maziwa yalikuwa machache, watu wako kanisani. Yenyewe haijui sikukuu."

"Mwambie aibatize kwanza ndipo aniuzie." Akavuta kiti karibu na kompyuta. "Una nini kingine?"

Nikamweleza. Kila asubuhi na jioni, dereva akifika kijijini, hupima ndoo ya kila mfugaji. Kile kipimo kinaonyesha maziwa yataganda kwenye ubaridi gani. Maziwa safi huganda chini kidogo ya sifuri. Ukitia maji, namba inapanda kuelekea sifuri. Namba zote huingia kwenye jedwali la kompyuta, kila mfugaji na mstari wake. Tangi nalo hupimwa likifika getini, na namba zake zinakaa kwenye jedwali lake peke yake.

"Sasa, Mzee, kutafuta namba inayokwenda kombo kuna njia nyingi. Tunaweza kutumia wastani, tukaangalia nani amekaa mbali nao kupita kiasi. Tunaweza kutumia namba ya kati, yaani unazipanga zote mstarini unachukua iliyoko katikati. Halafu kuna programu moja ya bure tuliyofundishwa jioni, ila ile lazima uiandikie amri."

"Kwa hiyo hata kompyuta siku hizi inataka kubembelezwa?"

"Kidogo, Mzee."

"Wastani naujua. Hata mke wangu anaujua. Hayo mengine nitawaelezaje wafugaji? Nenda na wastani."

Mwalimu wetu wa jioni alikuwa na msemo wake: usichague zana kabla ya kuchora namba zako kwa vidoti ukazitazama kwa macho. Alitukaririsha mpaka tukamtania. Nami sikuchora. Mzee alikuwa nyuma ya kiti changu, ananipumulia utosini, na mimi tayari nilikuwa naiona meza yangu yenye jina langu.

Nikaiambia mashine: aliye mbali na wastani, awe juu, awe chini, mwekee alama.

Ikaweka alama moja.

Kera Manolova.

Bibi Kera ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta, mjane mwenye ng'ombe saba. Jioni ninapokwenda darasani, yeye ndiye anayekaa na Neda. Mwanangu alijifunza kutembea uani kwake, ameshika mkia wa ndama.

"Manolova!" Mzee akapiga paja. "Bibi wa watu! Kumbe!"

"Mzee, subiri. Namba yake haikwenda juu. Imeshuka. Maji yangeipandisha."

"Imeshushwa na nini?"

"Kuna kitu kimeyeyushwa humo. Pengine chumvi."

Akacheka bila sauti, tumbo likitikisika. "Binti, mimi nimeanza kukamua mama yako hajavunja ungo. Nani anayetia chumvi kwenye maziwa? Ni yule aliyekwisha tia maji! Chumvi ndiyo blanketi la maji, inarudisha namba chini. Huyu kazidisha blanketi, basi."

Na ni kweli, wapo wezi wanaofanya hivyo. Hata darasani tuliambiwa. Lakini wenye hila huitafuta namba ya kawaida waishie hapo. Hawaipiti wakaenda kusimama uwanjani peke yao ili waonekane. Neno hilo nilikuwa nalo mdomoni.

Nikalimeza.

"Hongera, binti," akasema. "Wiki haijafika hata katikati."

*

Kesho yake alfajiri Mzee Tsanko alikuja mwenyewe kijijini, mahali tunapopokelea maziwa. Wafugaji walikuwa kwenye foleni na ndoo zao, pumzi zinafuka kwa baridi. Kamen alikuwa amesimama kwenye lori. Mimi nilikuwa nyuma ya lori, nimemshika Neda mkono, maana Mzee alitaka nishuhudie kazi yangu.

"Kera," Mzee akaita, "unatia chumvi kwenye maziwa?"

"Natia," akajibu Bibi Kera.

Hivyo hivyo. Kama mtu aliyeulizwa kama anafua.

"Kiganja kimoja," akaendelea, akionyesha kiganja chake. "Mama yangu alitia na bibi yangu alitia. Maziwa yakitoka nyumbani bila chumvi, jicho la watu linamkausha ng'ombe. Tena tangu Belka wangu azae ndama mfu, naongeza kidogo."

Watu wakaangua kicheko. Na baadhi yao mama zao walikuwa wanatia, nawajua.

"Mmesikia?" Mzee akageuka huku na huku. "Amekiri mwenyewe, sikumgusa!"

Akanyanyua ndoo ya Bibi Kera akaimimina chini. Maziwa yakakimbilia mfereji yakifuka moshi. Mbwa wakaja.

"Leo mbwa wamepata supu iliyokolezwa," mtu mmoja akatania, na kicheko kikaanza upya.

Bibi Kera hakulia. Aliangalia mfereji, akaangalia ndoo, akauliza, "Nani amesema mimi ni mwizi?"

Mume wangu ndiye aliyejibu. Alinionyesha kwa kidevu. "Ni kompyuta ya mke wangu, Bibi Kera. Utatusamehe. Namba hazina ujirani."

Bibi Kera akanitazama. Nilitamani anitukane. Nilikuwa tayari kwa tusi lolote.

"Mwanangu," akasema, "ungeniuliza tu."

Akachukua ndoo yake tupu akaenda zake. Neda alitaka kumfuata, nikamvuta. Ilikuwa mara ya kwanza mwanangu kuvutwa asiende kwenye ua ule.

Huku mlimani hakuna kiwanda kingine. Asiyeuza kwa Mzee Tsanko hauzi, na ng'ombe hawali majuto. Kabla ya adhuhuri tulikwisha pata habari kwamba Bibi Kera amepiga simu, na lori la machinjioni litawafuata ng'ombe wake wote saba Jumamosi.

*

"Sasa mtoto atakaa na nani jioni?" nilimwuliza mama mkwe.

"Usiniangalie mimi. Mimi si yaya wa wasomi."

"Ni saa mbili tu, mama."

"Zipeleke kwa Kera hizo saa mbili." Akatabasamu, meno yote ya dukani. "Au umesahau nyumba?"

Kamen ndiye aliyeniokoa. Alikuja nyuma yangu akaniwekea mikono mabegani.

"Nitakwenda naye kwenye lori, mzunguko wa jioni. Atafurahi. Wewe nenda kasome."

Nilimbusu mbele ya mama yake. Mume wa wapi, nilijiambia, anayebeba mtoto kazini ili mkewe asome? Na Neda alirudi amelala begani kwa baba yake, mikono ya koti imelowa mpaka kwenye viwiko, ameshika biskuti. Nikamvua koti nikalianika juu ya jiko bila kuuliza. Mtoto akilowa mnauliza? Mtoto halowi?

Ilikuwa Alhamisi, darasani, mwalimu alipotuambia tufungue namba za makazini kwetu. Nilifungua za maziwa. Na safari hii, kwa aibu ya kuchelewa, nikazichora kama ilivyonipasa tangu mwanzo.

Ndoo za wafugaji zilikuwa safi. Vidoti vyote vimekaa pamoja kama kondoo kwenye baridi, isipokuwa kidoti cha Bibi Kera, chini, peke yake, na chumvi yake.

Kama ndoo zote ni safi, maji yanatoka wapi?

Ndipo nikafungua lile jedwali jingine, la tangi likifika getini. Hakuna aliyeniambia niliangalie. Mzee alisema mtafute mfugaji mwizi, nami nikamtafuta mfugaji. Tulibishana kuhusu zana kabla hatujajua swali.

Nikapima kwa wastani. Hakuna alama hata moja. Matangi yote yako ndani ya mpaka.

Karibu nifunge. Kisha nikapima kwa namba ya kati.

Wastani una tabia moja ambayo mwalimu alitueleza kwa mfano wa kwaya. Mmoja akiimba kombo, kwaya nzima inageuka kumtazama. Lakini wakiimba kombo sita, kwaya yenyewe inaanza kuhamia kwao, na hakuna anayesikia kosa. Wastani humwona aliye peke yake. Genge haulioni. Namba ya kati haina tabia hiyo. Inabaki ilipo, hata wakizidisha kelele.

Kwa namba ya kati, jioni sita zilisimama juu kama miti iliyoungua. Maji. Zaidi ya mara moja nilikagua kama nimekosea safu.

Zote sita ni lori moja. Lori la Kamen.

Nikaangalia tarehe. Zilikuwa jioni za darasa langu. Jioni ninazokuwa mbali, hakuna wa kumwuliza mtu kwa nini amechelewa. Ya mwisho ilikuwa Jumanne, siku ile ile ambayo maziwa ya Bibi Kera yalimwagwa.

*

Sikumwambia Alhamisi. Ijumaa jioni nilimwekea maharage mezani nikakaa mbele yake. Bi Rusa alikuwa karibu na jiko, anafuma soksi.

"Kamen, maji kwenye tangi unayatia wewe."

Hakuacha kula. "Nani kasema?"

"Namba."

"Namba zilisema Kera."

"Zilisema Kera ana chumvi. Tuliosema mwizi ni sisi."

Akaweka kijiko. Alifuta sharubu kwa mkate, akaula ule mkate.

"Kuna jamaa ng'ambo ya mlima anatengeneza jibini lake, hataki makaratasi," akasema taratibu. "Nampunguzia kidogo njiani, najaza kilichopungua. Kidogo tu, Zlatina. Hakuna mtoto aliyekufa."

"Kwa nini, Kamen? Tulikuwa na njaa?"

Hapo alicheka. "Ada yako ya shule ulidhani inatoka wapi? Inashushwa na malaika?"

Bi Rusa akacheka kwenye sindano zake. "Mbwa mwitu amemlipia mwindaji risasi."

"Mama, unajua?" nikamwuliza.

"Mimi nimemzaa. Wewe umeolewa na picha yake."

Kamen akanishika kiganja juu ya meza. Sauti yake ikawa ile ya zamani, ya kunitongozea.

"Mke wangu. Wewe mwenyewe ulituambia zana ziko nyingi. Hii inaona hiki, ile inaona kile. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi chagua ile isiyoniona."

"Na Bibi Kera?"

"Kera ana binti Sofia, atakwenda kukaa ghorofani, apumzike."

"Atakufa ghorofani, Kamen. Hawezi kulala asiposikia ng'ombe."

"Ng'ombe saba," akasema Bi Rusa bila kuinua macho, "na mtoto mmoja anayetaka baba nyumbani. Uliyezaa naye si Kera. Mwanangu akifungwa, unakwenda kwa nani? Hesabu hiyo nayo mmefundishwa jioni, au ni ya darasa linalofuata?"

Nilimtazama Neda. Alikuwa sakafuni akimvisha mdoli soksi ya bibi yake.

Nawaambieni ukweli, wasomaji wangu. Kuna watu watasema wangesimama pale pale. Wasimame wao. Mimi niliosha vyombo.

*

Jumamosi asubuhi Mzee Tsanko aliniita. Sikuwa na wa kumwachia mtoto, nikaenda naye. Kamen alituendesha, akaingia ofisini pamoja nasi, akaegemea mlango.

Bibi Kera alikuwa amekwisha fika. Amevaa kitambaa chake cha kanisani, amekaa kwenye ukingo wa kiti. Neda alinichomoka mkononi akakimbia kumpandia mapajani, na sikuwa na uso wa kumkataza.

"Mama huyu ameniomba nimsikilize mara ya mwisho kabla lori halijaja," Mzee akasema. "Na kusema haki, kuna kitu kinanikera. Kera hauzi kwangu tangu Jumanne asubuhi. Lakini maziwa ya Jumanne jioni, yalipochanganywa kiwandani, yalikuwa na maji. Ya Alhamisi pia. Mwizi kaondoka, wizi umebaki. Nieleze, binti."

"Sijui, Mzee."

"Yaangalie malori."

Mlango ukalia kidogo. Kamen alikuwa amehamisha bega.

"Kwa zana gani, Mzee?" nikauliza.

"Chagua wewe. Wewe ndiye msomi. Safari hii sikuingilii."

Mara ya kwanza alinichagulia, nikajificha nyuma yake. Sasa aliniachia, na hapakuwa na wa kujificha nyuma yake. Zana zote mbili zilikuwa mbele yangu kwenye kioo. Bonyeza hapa, mume wangu anaonekana. Bonyeza pale, anayeyuka.

Bibi Kera alikuwa anamfunga Neda utepe wa nywele uliolegea. Hakuwa hata ananitazama. Aliniamini bado, au alikuwa amekwisha kata tamaa. Vyote viwili vinakaa kimya namna moja.

Nikabonyeza wastani.

Kioo kikatulia. Hakuna alama.

"Malori ni safi, Mzee," nikasema.

Nilisikia Kamen akishusha pumzi nyuma yangu. Ni pumzi ninayoijua. Ndiyo anayoitoa akivua viatu jioni.

Mzee akaendea kioo, akakitazama kwa muda, akaukubali wastani kama alivyoukubali siku zote. Kisha akamgeukia Bibi Kera, na nikaona jambo ambalo sikulihesabu.

"Basi ulikuwa na mwenzio," akamwambia. "Wewe umetoka, yeye anaendelea. Taja jina lake. Ukimtaja sasa hivi, nalizuia lori, ng'ombe wako wanabaki, na Jumatatu nanunua maziwa yako."

"Mwenzangu nani, Tsanko? Mimi naishi na ng'ombe."

"Jina moja tu."

"Nitaje mtu asiye na kosa ili Belka wangu ale majani?"

"Hata la mtu usiyempenda tu. Jina."

Bibi Kera akafikiri. Kweli alifikiri, nilimwona. Ng'ombe saba hawatupwi hivi hivi. Halafu akatingisha kichwa taratibu.

"Hapana. Sina jina la kukupa."

"Haya. Umeamua mwenyewe." Mzee akafungua droo akatoa karatasi, akaitandaza mbele yangu pamoja na kalamu. "Na wewe, binti, neno langu ni neno. Mkataba wako. Weka sahihi hapo chini."

Jina langu lilikuwa limepigwa chapa juu, zuri, herufi nzito. Nikashika kalamu. Nitawaambia na hili, maana nimeapa kuwaambia yote: nilitia sahihi bila kusita.

Nje, lori la machinjioni lilikuwa linapanda mlima kwa gia ya kwanza. Bibi Kera akalisikia. Alimteremsha Neda mapajani, akanyanyuka, akajinyoosha sketi.

"Lakini hayo maji," Mzee akanung'unika peke yake, akikuna kidevu, "hayo maji yanaingiaje humo?"

Hakuwa anamwuliza mtu. Hata hivyo mwanangu aliinua uso, na alikuwa na furaha ya mtoto anayejua jibu darasani.

"Mimi ndiye niliyemshikia baba mpira wa maji."